Kumkimbia Mume Bila Kuikimbia Dozi

Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kuhusu wanawake ambao hospitali zenu zinawatibu katika vyumba viwili visivyozungumza. Asubuhi mwanamke yuko kwenye dirisha la methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ameandikwa mtumiaji wa unga. Jioni yuko kwenye chumba cha manusura wa ukatili wa kijinsia, mkono umevunjika, ameandikwa aliyepigwa na mumewe. Dirishani hakuna aliyemwuliza kwa nini jana hakuja. Chumbani hakuna aliyetaka kusikia kwamba kesho asubuhi ni lazima arudi dirishani. Ni mwanamke yule yule, na anayempiga mara nyingi ndiye aliyemvutisha kete ya kwanza.

Mimi nasimamia vikao vya wanawake hawa hapa Mombasa. Tunaketi pamoja, tunasikilizana, tunapanga namna ya kufika wiki ijayo tukiwa hai. Nawaandikia ninyi, si Nairobi, kwa sababu Katiba ya 2010 iliziweka hospitali hizi mikononi mwa kaunti. Dirisha ni lenu, chumba ni chenu, na ukuta uliopo katikati ni wenu pia.

Pwani ni miongoni mwa waliotangulia katika kuwatibu watumiaji na inastahili sifa. Kliniki ya kwanza ya methadoni nchini ilifunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi ilifuata mapema 2015, kisha zikaja Kisauni na Kwale. Miaka mingi kabla ya serikali kukubali kwamba heroini ni ugonjwa wa kutibiwa, mashirika ya hapa hapa, Omari Project kule Malindi, Reachout na MEWA hapa Mombasa, yalikuwa yakiwaokota vijana maskanini na kuwasafisha vidonda. Lakini huduma zote hizo zilishonwa kwa kipimo cha mwanamume. Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ilieleza katika ripoti yake ya 2016 kwamba wanawake ni thuluthi moja ya watumiaji duniani, lakini ni mmoja tu kati ya kila watano wanaopata tiba. Simameni kwenye foleni ya kliniki yoyote ya Pwani asubuhi moja, mtaona wenyewe.

Kwa nini hawaji? Aibu ipo, nayo si ndogo. Kijana wa kiume akitumia unga watu husema ameharibikiwa. Msichana akitumia husema ni malaya. Hofu ya kunyang'anywa watoto ipo. Lakini sababu ninayoisikia zaidi, na ambayo haimo katika fomu zenu, ni bwana.

Naomba mnisikilize hapa kwa utulivu, maana ndipo ulipo msingi wa barua hii. Mwanamume anayemtawala mwanamke anayetumia ana silaha ambayo mpigaji mwingine hana. Anashika kete. Akikasirika anaificha mpaka arosto imshike mwanamke, atapike, mifupa imuume, jasho limtoke kwa baridi, kisha anampa baada ya kupata anachokitaka. Wanawake wengine hawajui hata kujidunga wenyewe. Mkono wa bwana ndio uliowadunga tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kumwacha ni kuachana na mkono huo. Na mwanamke akijiandikisha methadoni, bwana anapoteza silaha yake, na hapo ndipo hatari inapozidi. Kadi ya kliniki inapotea. Nauli ya matatu inapotea. Anamsindikiza hadi langoni na kumngoja nje, akihesabu dakika. Anamwambia, nenda kamweleze chifu kwamba nakupiga, nami nitamweleza unavuta nini, tuone nani atafungwa.

Haya si ya Kisauni peke yake. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 uliwauliza zaidi ya watu 3,000, wengi wao wanawake, waliopiga simu ya kitaifa ya msaada kwa wanaopigwa na wenzi wao. Miongoni mwa waliowahi kutafuta tiba ya ulevi au dawa za kulevya, 60 katika kila 100 walisema mwenzi wao alijaribu kuwazuia wasiipate.

Sasa fikirini methadoni inavyotolewa. Inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mgonjwa akikosa siku kadhaa mfululizo, dozi hupunguzwa au huanzishwa upya, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu na dozi ya zamani inaweza kumwua. Kanuni hiyo ni sahihi na sitaki ibadilishwe. Lakini ina maana kwamba mwanamume anayetaka kuiharibu tiba ya mkewe hahitaji kufanya mengi. Anamfungia chumbani siku tatu nne, basi. Mwanamke anarudi dirishani anatetemeka, na kwenye faili lake panaandikwa kwamba mgonjwa hafuati masharti ya tiba. Nimeliona neno hilo kwenye faili la mwanamke aliyekuwa na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono.

Upande wa pili ni makao ya wanawake waliokimbia vipigo. Ni machache Pwani nzima, na wanaoyaendesha ni watu wenye moyo. Sitaki kuwalaumu, lakini wengi wao wanampokea mwanamke kwa sharti kwamba aache kutumia kwanza. Hofu yao naielewa: kuna watoto ndani, kuna akina mama wengine waliopigwa na walevi na hawataki kunusa harufu ya pombe tena. Hata hivyo sharti hilo linaweza kuua. Aliyezoea pombe kila siku, au tembe za kutuliza ziitwazo bugizi, akikatishwa ghafla bila daktari anaweza kupata kifafa na kufa. Aliyeacha heroini kwa wiki mbili kisha akarudi maskanini na kutumia kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika hapo hapo. Na mjamzito anayetumia heroini akiambiwa aache leo ili apewe kitanda, mimba yenyewe imo hatarini. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2014: mjamzito wa namna hii aendelee na tiba ya methadoni au dawa inayofanana nayo, asikatishwe, na akijifungua amnyonyeshe mwanawe. Makao yanaweza kukataza kutumia ndani ya ua bila kumkataza anayetumia asiingie. Yanachohitaji ni sanduku la kufungia dawa, naloksoni ya kuokoa aliyezidiwa na heroini, na nambari ya simu ya muuguzi wa methadoni anayepokea usiku. Vyote hivyo mnavyo au mnaweza kuvipata.

Ninachokiomba hasa ni kikundi. Kila kliniki ya methadoni, na kila chumba cha manusura, kiwe na kikao cha kila wiki cha wanawake peke yao, kinachopokea mambo haya mawili kwa pamoja, kikiwa katika bajeti ya kaunti. Nasema wanawake peke yao kwa sababu nimekaa katika vikao vya mchanganyiko. Mwanamke hawezi kueleza alivyouzwa maskanini ilhali aliyemwuza ameketi mkabala naye, amevuka mwezi wa tatu bila kutumia na anapigiwa makofi.

Niwaeleze tunavyokaa, maana wengi hudhani kikundi ni kulia pamoja. Kikao hufanyika mara baada ya dozi, kwa kuwa hiyo ndiyo saa pekee ambayo bwana anajua mke yuko kliniki. Hakina bango. Katika simu kimeandikwa kama chama cha akiba, na kweli tunachanga kidogo, kwa hiyo hata akiikagua simu hapati uongo. Kila anayeingia anaulizwa mambo mawili tu: uko salama leo, na umepata dozi leo? Majibu hayo ndiyo yanayoamua tutazungumza nini. Chai ya maziwa na mahamri vipo, na si mapambo. Wengi hawajala tangu jana.

Hadithi nzima ya kipigo haisimuliwi kwenye duara. Hili huwashangaza wageni. Mwanamke akifunguliwa kidonda chote mbele ya watu kumi, saa ikiisha anatoka nacho kikiwa wazi, na maskani iko hatua chache kutoka langoni. Mwanasaikolojia Lisa Najavits wa Marekani aliliona hilo miaka ya 1990 alipotengeneza utaratibu wa kutibu majeraha ya nafsi na uraibu kwa wakati mmoja, akauchapisha kama kitabu mwaka 2002. Una mada 25, na hazilazimiki kufuatwa kwa mpangilio. Kwetu hilo ni muhimu sana, kwa kuwa wanawake wetu huja wiki hii, wakakosa ijayo, wakarudi baada ya mwezi. Tunazungumza juu ya leo: namna ya kulala, namna ya kukataa, fedha, hasira, nani wa kumpigia simu saa nane usiku. Habari kamili ya yaliyompata mtu husikilizwa na mshauri, mlango umefungwa, akiwa tayari.

Hatua kumi na mbili zinazotumika kwenye nyumba nyingi za kuachia dawa zimeokoa maisha ya watu ninaowapenda. Lakini zinaanza kwa kukiri kwamba huna nguvu, na mwanamke ambaye miaka kumi ameambiwa kwa ngumi kwamba hana nguvu hahitaji kuanzia hapo. Jean Kirkpatrick, aliyekuwa mlevi mwenyewe, alilipinga jambo hilo kule Marekani miaka ya 1970, akaunda vikundi vya wanawake vinavyoanzia upande wa pili, kwamba uwezo unao na maisha ni yako. Mimi naegemea huko.

Anayekuja amelewa hafukuzwi. Haingii kwenye duara, kwa heshima ya wenzake, lakini msimamizi mmoja hukaa naye chumba cha pembeni, akampa maji, akamwacha alale kidogo. Ni lazima awepo wa kumwangalia, kwa sababu si kila anayeonekana amelewa amelewa. Mwanamke aliyekabwa koo anaweza kuwa na sauti iliyokauka, maneno yanayoteleza, kusahau, kuyumba, na shingoni pasiwe na alama hata moja. Akiwa na sifa ya kutumia, kila mtu anasema amelewa tu. Tulikaribia kumpoteza mmoja hivyo, katika kituo ambacho sitakitaja. Alirudishwa nyumbani alale, dawa zimwishe, na mumewe yuko nyumbani. Utafiti wa Nancy Glass na wenzake, wa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yumo katika hatari ya kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko aliyepigwa bila kukabwa. Naomba swali hili, amewahi kukukaba, liwe la lazima kwa kila mwanamke anayeandikishwa methadoni. Ni swali la nusu dakika, mradi aulizwe akiwa peke yake, bwana akiwa nje.

Na akisema ndiyo, tafadhali msimwite bwana ili wapatanishwe. Najua thamani ya sulhu kwetu. Wazee na maimamu wa Pwani wameziokoa nyumba nyingi, na nimewashuhudia wakifanya kazi hiyo kwa hekima. Lakini sulhu inahitaji watu wawili wanaoweza kusema, na huyu akisema leo mbele ya wazee, usiku atalipa. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani inamruhusu kuomba amri ya ulinzi mahakamani, hata kama hawakuoana rasmi. Mwislamu ana mlango wa kadhi, ambako madhara anayotendewa ni sababu ya kuvunja ndoa. Wengi hawajui hata moja kati ya haya mpaka waketi kikaoni, na walio na habari huamini kwamba anayetumia unga hana haki mbele ya hakimu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 nchini wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Januari 2024 maelfu waliandamana kwa ajili ya wanawake wanaouawa. Naomba wanawake wa maskani wahesabiwe kati yao wakiwa bado wanapumua.

Juu ya wanaosimamia vikao nina neno, nalo ni la pesa. Kikao kizuri kinataka watu wawili: mshauri aliyesomea na mwanamke aliyepitia. Wa pili ndiye anayeaminiwa. Yeye ndiye anayejua kwamba fulani ameanza tena kwa kumtazama tu anavyoshika kikombe. Lakini huyo hulipwa posho, wakati mwingine nauli tu, na tunamtwika habari nzito kuliko za daktari. Usiku anapigiwa simu na wote. Mwaka wa kwanza anajitoa, wa pili anachoka, wa tatu tunamwona maskanini, kisha tunashangaa. Mpeni mkataba na mshahara, na mtu wa kumsikiliza yeye kila mwezi.

Msiseme wafadhili watalipa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vya mitaani vya kuwahudumia wanaotumia dawa vilifunga milango katika muda wa siku chache, na wahudumu wa nyanjani waliokuwa wakijua kila kichochoro wakarudi nyumbani. Mwanamke aliyezoea kwenda mahali fulani Jumanne akakuta kufuli. Kikundi kinajengwa kwa uaminifu wa polepole mno; kikifungwa mara moja, hawarudi kwa tangazo la redio. Chumba mnacho. Kinachobaki ni mishahara ya watu wachache, nauli, chai, na mtu wa kukaa na watoto wakati mama zao wamekaa kikao. Hilo la watoto msilikate mkipunguza bajeti. Mama asiye na pa kumwacha mtoto haji, na mama anayedhani kwamba anayemshika mtoto atamripoti kwa afisa wa watoto hatakuja kamwe. Tunahitaji kauli yenu kwa maandishi kwamba kuhudhuria tiba peke yake hakutakuwa sababu ya kumnyang'anya mtu mwanawe.

Mkikubali kuanzisha vikundi hivi, nawaomba msije kuvizindua. Msilete kamera wala fulana zenye maandishi, wala mgeni wa heshima wa kupiga picha na walengwa. Mji wetu ni mdogo. Picha moja kwenye ukurasa wa kaunti inatosha kumwonyesha mwanamume wa Likoni kwamba mke wake anapatikana wapi kila Jumanne saa nne asubuhi. Mkitaka kujua tunafanya nini, tuiteni ofisini. Tutakuja na idadi bila majina.

Ombi langu lililobaki linawahusu ninyi watatu kwa pamoja, ndiyo maana nimewaandikia katika barua moja. Mwanamke wa Mombasa anayetaka kumkimbia mume leo usiku ana dada Malindi au shangazi Ukunda. Jamaa zake wako tayari kumpokea. Lakini dozi yake iko Kisauni, kwa jina lake, kwa kadi yake, na kuhamishwa kwake kunataka barua, sahihi na siku za kungoja. Basi anapanda matatu usiku, analala salama, na asubuhi arosto inaanza. Siku ya pili anarudi. Anarudi kwenye dozi, na dozi iko mtaa mmoja na bwana. Nimewaona wakirudi hivyo, wanawake waliokuwa wameshaondoka kabisa, wameshafika, wameshapokewa.

Kliniki zenu zinaweza kukubaliana kwamba mwanamke anayekimbia vipigo apate dozi yake kesho yake asubuhi katika kliniki yoyote ya Pwani. Muuguzi wa huku ampigie wa kule, wathibitishe kiasi na siku aliyokunywa mara ya mwisho, naye anywe. Mahali alipohamia pasiandikwe kwenye faili la kliniki ya kwanza ambalo karani yeyote anaweza kulisoma, kwa kuwa mabwana wana marafiki makarani. Makubaliano haya hayangoji bajeti ya mwaka ujao wala mfadhili. Wafamasia wenu watatu wakikaa pamoja siku moja wataandika utaratibu, nanyi mkautia sahihi.

Nangojea jibu lenu.

Wenu katika kazi hii,
Msimamizi wa kikundi cha wanawake, Mombasa